Matambara Chini ya Hazina

Maandiko ya kusoma: Yeremia 38:6–13, Yohana 19:23–24, Matendo 9:36–42

Mliokuwa kanisani Jumapili mnakumbuka jinsi mvua ilivyopiga mabati hadi nusu ya neno haikusikika. Mchungaji akaniomba niliandike lote kwa jarida la wiki hii, pamoja na yale niliyokosa nafasi ya kuyasema, ili aliyekaa nyuma naye apate chakula chake. Kwa hivyo chukua Biblia, fungua Yeremia 38, usome polepole kuanzia mstari wa 6. Mimi nitakusimulia kwa maneno yangu tu.

Yeremia ametupwa shimoni. Shimo lenyewe halina maji, lina tope, na nabii anazama ndani ya hilo tope. Waliomtupa ni wakubwa wa mji, na mfalme Sedekia ameshawaambia kwamba yeye hana la kufanya. Hebu wazia, mfalme mzima! Anayeamua kufanya kitu ni mgeni: Ebedmeleki, Mkushi, towashi anayehudumu katika nyumba ya mfalme. Anatoka, anamfuata mfalme langoni mwa Benyamini, anamwambia bila kuzunguka kwamba jambo lililotendwa ni ovu na mtu yule atakufa kwa njaa kule chini. Anapewa watu 30 aende akamtoe.

Sasa angalia mstari wa 11, ambao wengi wetu huwa tunauruka tukikimbilia mwisho mwema. Ebedmeleki hakwenda moja kwa moja shimoni. Alipita kwanza kwenye nyumba ya mfalme, chini ya hazina, akachukua huko matambara makuukuu na nguo zilizochakaa. Akamshushia Yeremia kwa kamba, akamwagiza ayaweke kwapani, kati ya ngozi yake na kamba.

Kamba peke yake ingemtoa, ni kweli. Mtu wa haraka angeitupa chini na kupiga kelele, "Shika, mtumishi, tunavuta!" Lakini huyu mzee amekaa kwenye tope, hana nguvu, ngozi imelainika kwa unyevu. Kamba ikipita kwapani halafu wanaume wavute kwa nguvu zao, inachana nyama. Angetoka hai na vidonda viwili vya kuuguza miezi. Ebedmeleki aliwaza kuhusu kwapa la mtu. Katika habari hiyo yote ya wafalme, majeshi na unabii, mtu mmoja aliwaza kuhusu kwapa.

Nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, kwa hivyo mnivumilie, macho yangu yanaenda kwenye stoo kwanza. Hazina ndiyo nyumba ya dhahabu na fedha. Chini yake kuna mahali pamerundikwa nguo zilizozeeka. Mhasibu yeyote angezifuta kwenye vitabu, aandike sufuri, afunge ukurasa. Lakini mtu fulani hakuzitupa, na Ebedmeleki alijua ziko wapi. Mji ulikuwa umezingirwa na Wakaldayo, mkate ulikuwa unaisha, dhahabu yote ile haikuweza kununua kitu. Siku hiyo mali yenye faida katika nyumba ya mfalme ilikuwa kule chini. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yule towashi aliinama.

Tuje kwetu. Karibu kila mtu anayesoma jarida hili amevaa mtumba, na suti niliyohubiri nayo Jumapili ilitoka Daraja Mbili. Neno lenyewe maana yake ni mzigo uliofungwa. Nguo zinashuka Mombasa, beli zinapita Gikomba, na Jumatatu na Alhamisi zimefika Kisii. Wauzaji wana lugha yao. Kamera ni ile nguo ya kwanza, haina doa, inachaguliwa beli likifunguliwa tu. Fagia ni ile ya mwisho kabisa, iliyokataliwa na watu wote, inamwagwa kwenye turubai na jioni inauzwa kwa bei ya kumaliza. Mnakumbuka mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ilipozuia mitumba kuingia nchini kuanzia mwisho wa Machi hadi Agosti? Ndipo tukajua ni wangapi wanaokula na kusomesha watoto kutokana na hizo beli.

Kuna mafundisho yanazunguka, na nimeyasikia hata midomoni mwa watu wetu, kwamba nguo ya mtumba inabeba pepo la aliyeivaa kwanza, kwa hivyo lazima ikemewe kabla ya kuvaliwa. Mimi sina shida na maombi. Ombea nguo, ombea sufuria, ombea pikipiki. Lakini pia ifue kwa sabuni na maji moto, manake upele haukemewi ukaondoka. Halafu soma Yohana 19. Askari waligawana mavazi ya Bwana wetu, na ile kanzu isiyo na mshono wakaipigia kura badala ya kuichana. Tangu saa ile kanzu ya Yesu ilikuwa mtumba, na askari mmoja alienda nayo. Maandiko hayasemi kwamba ilimwokoa, wala hayasemi kwamba ilimdhuru. Wanasema nini wale wanaotafuta nguvu kwenye pamba? Watanijibu kwa Matendo 19:12, zile nguo zilizotoka mwilini mwa Paulo. Sawa, lakini anza mstari wa 11, utaona ni nani aliyekuwa akitenda. Ni Mungu. Kitambaa ni kitambaa.

Hofu ya mtumba hata hivyo ni ndogo. Iko nyingine kubwa, na hii hatukuipata kwa mhubiri yeyote, tuliinyonya pamoja na maziwa. Tumekua tukiambiwa usiache nguo kwenye kamba jua likizama. Usimpe mtu shati lako la zamani hivi hivi. Ukucha, unywele, kipande cha nguo iliyogusa mwili wako, omorogi akikipata amekupata wewe. Ndiyo sababu katika maboma mengi ya Kisii na Nyamira nguo ikichakaa inachomwa au inatumbukizwa chooni, hata kama nyumba ya pili kuna mtoto anayetetemeka kwa baridi ya Julai. Tumeokoka, tunanena kwa lugha, na bado jioni tunatoka mbio kuanua shati.

Mtasema, "Pasta, hiyo ni mila tu, haiui mtu." Mei 2008, kule Nyamaiya, watu 11 walichomwa hadi kufa na umati uliowaita wachawi. Wengi wao walikuwa akina mama wazee. Waandishi wa habari waliofika huko walionyeshwa daftari, eti lina kumbukumbu za mkutano wa wachawi. Daftari la shule! Kitu ambacho kila nyumba inacho. Na kwa anayedhani hayo yalipita, Oktoba 2021 akina mama wanne wazee waliuawa huko Marani kwa tuhuma hiyo hiyo. Hakuna kati yetu anayeweza kusema hajui njia inayofuatwa. Inaanza na kitu cha kawaida kilichoonekana mahali, halafu swali, halafu sauti ya chini sokoni, halafu kiberiti.

Hapa ndipo nakuja kwa jambo lililonifanya nifungue Yeremia 38.

Katika kikundi chetu cha kushona cha Jumanne kuna omong'ina mmoja, mjane. Ameniruhusu niandike haya, lakini jina nimeliacha. Yeye ndiye anayezunguka nyumba kwa nyumba kuomba nguo ambazo watu hawazitaki, na anaziweka kwake kwenye magunia kwa sababu stoo ya kanisa inavuja. Mwezi uliopita mtoto wa jirani yake aliugua. Akapelekwa hospitali, akapimwa, ikawa ni malaria, akatibiwa, amerudi nyumbani na anacheza. Lakini katika zile siku za katikati mtu mmoja aliuliza, "Na yale magunia ya nguo za watu kwa yule mama, ni ya nini?" Mtoto amerudi. Lile swali halijarudi. Sasa kuna nyumba ambazo omong'ina akibisha, mlango haufunguliwi, na baadhi ya hizo nyumba tunashiriki nazo meza ya Bwana.

Baadhi ya wazee wetu, kwa nia njema kabisa, walipendekeza twende na majirani tukayafungue yale magunia hadharani ili mama aondolewe shaka. Nilikataa, na Mchungaji akakubaliana nami. Ukimpekua mtu ili uonyeshe hana kitu, umeshakubali kwamba kulikuwa na sababu ya kutafuta. Wiki ijayo ng'ombe wa mtu akifa, watarudi kupekua tena, na safari hiyo hawatawasubiri wazee wa kanisa. Zaidi ya hayo, sheria ya nchi hii kuhusu uchawi, ambayo ipo tangu 1925, inamfanya mkosaji hata yule anayetembea mitaani akimtuhumu mwenzake. Kwa hivyo wewe unayenong'ona kisimani, jua unasimama upande gani wa sheria, kabla hata hatujafika kwa Mungu.

Lakini kwa kuwa mnataka sana kujua kilichomo, nitawaambia mimi, manake nimekaa na hao akina mama Jumanne nyingi, na magunia hayo nimeyabeba kwa bega langu.

Mengi ni masweta ya fagia. Akina mama wakienda Daraja Mbili jioni hawatafuti sweta zuri, wanatafuta sweta linalofumuka. Wanaligeuza ndani nje na kutazama mshono wa ubavuni. Ikiwa vipande vilifumwa kila kimoja kivyake halafu vikaunganishwa, wanalichukua, kwa sababu uzi utatoka mrefu, mstari baada ya mstari, bila kukatika. Ikiwa lilikatwa kwa mkasi na ukingo ukapigwa ovaloki, wanaliacha, kwa sababu ukilifumua utapata vipande vifupi vya upana wa kifua tu. Uzi ukitoka huwa umejikunja. Wanauzungusha kwenye mgongo wa kiti, wanaufunga mahali panne usitatizike, wanauloweka kwenye maji ya vuguvugu, wanautundika na chupa ya maji ikining'inia chini yake mpaka unyooke. Halafu wanafuma. Sweta moja kubwa la mwanamume linatoa sweta la mtoto wa darasa la pili, na uzi unaobaki unakuwa kofia ya kichanga. Wanatenga rangi kwa rangi za shule, maruni huku, kijani huku, bluu nzito kule. Watoto mnaowaona asubuhi wakipanda vilima kwenda shule na sweta lisilo na tundu, wengine wao joto lao lilikuwa ndani ya gunia la omong'ina.

Kuna mashati ya shule pia. Shati huanza kufa kwenye kola. Wanaifumua ile kola, wanaigeuza upande uliokuwa umefichwa uwe juu, wanaishona tena, na shati linasonga mwaka mwingine. Nilipoliona mara ya kwanza nilicheka kwa furaha. Fundi wa zamani walikuwa wanafanya hivyo kila siku, sisi tukaacha tulipoanza kuona aibu ya kushonewa. Na kwenye viraka nimejifunza Biblia kwa hao akina mama kuliko nilivyojifunza darasani. Hawatii kiraka cha kitambaa kipya kabla ya kukifua na kukikausha kwanza, kwa sababu kikija kuruka baada ya kushonwa kitavuta nguo na kuichana zaidi. Someni Mathayo 9:16 mkiwa na sindano mkononi, mtaona Bwana alikuwa anajua anachokisema. Inawezekana alimwona Mariamu akishona. Hilo siwezi kulithibitisha.

Tisheti zinakatwa vipande vyembamba kama utepe, vinavutwa kidogo vijikunje, halafu vinapitishwa kwenye gunia la mkonge kwa waya uliopindwa ncha, kitanzi kwa kitanzi, mpaka linakuwa zulia la mlangoni. Jinzi na mapazia yanakuwa vikapu vya sokoni, kazi iliyopata watu wengi tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, tarehe 28 Agosti 2017. Magunia ya mbolea yakishafuliwa vizuri yanashonwa aproni za wachuma chai wa upande wa Nyamira, ili umande wa asubuhi usiwaloweshe tumbo. Kama hujui nguo yako ni pamba au ni ile ya kiwandani tu, chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba inanuka karatasi na kuacha jivu, ile nyingine inayeyuka na kuganda kama shanga ndogo ngumu. Hiyo isiyo pamba usiipeleke kwenye nepi wala kwenye kitu cha kufyonza maji, ipeleke kwenye zulia.

Hapo nimefika kwenye sodo, na akina baba msifunge jarida. Nchi hii iliondoa kodi ya sodo mwaka 2004, na mwaka 2017 ikatungwa sheria ya kuwapa wasichana wa shule sodo bure. Ni jambo jema. Anayelea binti anajua kama zimefika mwezi huu au hazijafika. Akina mama wa Jumanne wanashona za kufua, kwa mashuka ya pamba yaliyochakaa, tabaka juu ya tabaka, na kifungo cha kushikilia. Zinafaa sana kama zitafuliwa kwanza kwa maji baridi, kisha kwa sabuni, na kukaushwa juani kabisa. Juani, wapendwa! Sasa niambieni, msichana aliyefundishwa kwamba omorogi anachukua nguo za watu kwenye kamba, tena nguo ya namna hiyo, ataianika wapi? Ataificha chini ya kitanda ikiwa bado mbichi, aivae hivyo hivyo, apate maambukizi. Mama yake atauliza ni nani aliyemroga mtoto. Mnaona jinsi duara linavyojifunga lenyewe?

Chini kabisa ya gunia kuna vitambaa ambavyo havifai tena kwa lolote. Vingine vinajazwa kwenye mito. Vingine vinasokotwa kuwa ngata ya kubebea mzigo kichwani. Jumanne moja nilimwona omong'ina akimsokotea msichana ngata ili mtungi wa maji usimuumize utosi, na mstari wa 12 wa Yeremia 38 ukanijia bila kuuita. Tambara kati ya mzigo na mwili wa mtu.

Mtanisamehe niingize hesabu kidogo, kwa sababu nimesikia vijana wakisema kikundi hiki kitatutajirisha. Tuseme zulia moja linachukua jioni tatu, na unaliuza shilingi 300. Uza matano, umefurahi. Kisha kikundi cha pili kinaanza, na cha tatu, wote wanatengeneza zulia lile lile, wote wanakaa soko moja, na bei inashuka mpaka unauza kwa 150 huku umeumia vidole. Hiyo biashara ipo, lakini ni nyembamba, na anayewahubiria kwamba Mungu atamwaga mamilioni kupitia mazulia anawauzia beli bila kulifungua. Faida ambayo nimeiona kwa macho iko upande mwingine wa daftari. Ni ile pesa ambayo haikutoka. Mama mwenye watoto wanne akirekebisha sare za wanne kwa mikono yake, hajauza kitu, hana mteja, hana risiti, lakini karo imeongezeka kidogo mahali fulani. Wanaoandika mipango ya biashara huwa hawana safu ya kitu hicho. Omong'ina anayo, kichwani.

Sasa fungua Matendo 9. Dorkasi amekufa kule Yafa. Petro anapofika, wajane wote wanasimama karibu naye wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Hawakuwa na cheti, hawakuwa na hotuba. Walishika nguo mkononi, na nguo ndizo zilizomshuhudia yule mama. Nimelitazama andiko hilo wiki nzima na linanichoma, kwa sababu sisi tumeligeuza kama kola. Yafa, nguo zilisimama upande wa mwanamke aliyekufa mpaka akarudishiwa uhai. Hapa kwetu nguo zinasimamishwa kuwa mashahidi dhidi ya mwanamke aliye hai. Ni nguo zile zile za kushona kwa mkono, na mwanamke ni wa aina ile ile, anayewahurumia maskini.

Na tusijidanganye kwamba ni watu wa nje. Waliomtupa Yeremia hawakuwa Wakaldayo, walikuwa watu wa taifa lake mwenyewe.

Mtu atasema anaogopa. Anaogopa akionekana naye ataambiwa ni mwenzake. Hiyo hofu siidharau, maana kwetu imewahi kuwa na sababu. Lakini soma sura ya 39, mstari wa 15 mpaka 18, ujumbe ambao Mungu anamtumia Ebedmeleki kuhusu siku ya mji kuanguka. Mungu anamwahidi kwamba hatatiwa mikononi mwa watu anaowaogopa. Kumbe alikuwa anaogopa! Huenda alikuwa anawaogopa wale wakubwa siku ile ile aliyokuwa ameinama chini ya hazina akichambua matambara. Alienda na hofu yake kwapani, na kamba akaishusha.

Kwa hivyo, baada ya kuomba na kushauriana na baraza la wazee, tumeamua hivi. Jumanne hii kikundi hakitakutana kanisani. Kitakutana kwa omong'ina, kuanzia saa nane mchana, nje kwenye uwanja wake, upande wa barabara ambako kila anayetoka kisimani anapita. Walio katika ushirika wa nyumba kwa nyumba wa upande huo mnajua ni wapi, waonyesheni wengine. Wanaume pia mje, kamba ya kuanikia inahitaji nguzo mbili kuchimbiwa, na tutaanika sodo zote juani mpaka jioni, kila mtu azione.

Kila mmoja alete nguo moja kuukuu. Naomba mnielewe vizuri hapa. Iwe ni yako mwenyewe, uliyoivaa wewe, iliyogusa mwili wako. Usilete ya mtoto, usilete ya marehemu, usiitume na mtu. Uje nayo na umkabidhi omong'ina mkononi kwa mkono wako. Mimi naleta lile shati langu la bluu mnalolijua. Mchungaji ameahidi koti lake la kijivu, na mama mchungaji anasema ameisubiri siku hiyo miaka sita.

Aliye na sindano ya gunia aje nayo, tuna mbili tu.